Nyumba ya Upali: Mahavira, Buddha na ule mjadala wa nia na tendo

Wazee wangu, walimu wenzangu, vijana mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, na akina mama mliojaza safu za mbele: assalaam aleikum, na Bwana asifiwe kwa wenye salamu hiyo. Na kwa jirani zetu ninaowaona wameketi pale nyuma, jai jinendra.

Nimeombwa nizungumzie asili ya Ubuddha na Ujaini na yale dini hizi mbili zinayofundisha. Naomba nianzie dukani.

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ilitazamana na duka la mzee mmoja wa Kihindi, si mbali na Langoni, hapa Mombasa. Mtaa mzima ukimwita Bhai. Akiuza mchele, unga, mafuta ya taa na sukari ya kupima. Kulikuwa na mambo manne ya Bhai yaliyotushinda sisi watoto kuyaelewa. La kwanza, alikula chakula cha jioni kabla ya jua kuchwa, kila siku ya Mungu. Adhana ya magharibi ikimkuta ameshanawa mikono. La pili, alifunga kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba lake, na maji ya nyumba ile hayakunywewa bila kuchujwa. La tatu, hakula kiazi, wala kitunguu, wala karoti, na mama yangu, ambaye hakujua mchuzi usio na kitunguu, alimwonea huruma sana. La nne nitalisema wakati wake ukifika.

Sisi tukimwita Baniani, kama tulivyowaita wote waliotoka ng'ambo ile wasiokuwa Waislamu. Jina hilo lilitufunika macho. Bhai hakuwa Mhindu. Alikuwa Mjaini wa jamii ya Waoshwali, na wazee wake walikuwa wakulima wa vijiji vya Halar, karibu na Jamnagar kule Gujarat, waliovuka bahari kuja Mombasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, mvua zilipowakimbia. Ile hekalu nyeupe mnayoipita pale Langoni ni ya watu wa imani yake. Nimeipita miaka mingi kabla ya kuuliza ndani yake wanafundisha nini, na mtu kuishi ukuta kwa ukuta na jirani bila kumuuliza ni hasara ambayo sitaki vijana waliomo humu wairithi.

Basi tuvuke bahari, na tukifika tusibaki pwani. Tuingie ndani hadi bonde la mto Ganges, mahali ambapo leo ni jimbo la Bihar na viunga vyake, katika karne ya 6 na ya 5 KK. Ilikuwa nchi inayobadilika upesi. Kulikuwa na zana za chuma, misitu ilikuwa ikifyekwa, mpunga ukistawi, sarafu za fedha zikianza kupita mikononi, na miji ikiota kando ya njia za wafanyabiashara. Ufalme wa Magadha ulikuwa ukimeza majirani zake chini ya mfalme Bimbisara na mwanawe Ajatashatru aliyemwondoa madarakani. Makuhani wa Kibrahmani walishika ibada za kale zenye kafara za wanyama na moto, na ukuhani ulikuwa wa kuzaliwa nao. Lakini kulikuwa na watu wengine, walioacha nyumba na mali wakaishi msituni na njiani, wakila cha kupewa. Waliitwa shramana, yaani wenye kujitaabisha. Walikuwa na swali moja kubwa. Ikiwa mtu akifa huzaliwa tena, na akizaliwa hufa tena, bila mwisho, njia ya kutoka katika mzunguko huo iko wapi?

Kati ya shramana hao wawili walitoa majibu ambayo bado yanafuatwa hadi leo hii. Wote wawili walikuwa watoto wa watawala, tena kutoka jamii ambazo mambo yake yaliamuliwa na baraza la wazee wa koo, si na mfalme mmoja. Wote wawili waliiacha lugha ya makuhani, wakafundisha kwa lugha za sokoni, lugha ambazo mfinyanzi na mchunga ng'ombe walizielewa. Sisi watu wa Kiswahili tunajua uzito wa hilo.

Wa kwanza ni Vardhamana, anayeitwa Mahavira, maana yake Shujaa Mkuu. Mapokeo ya Wajaini yanasema aliishi kati ya 599 na 527 KK. Watafiti wengi wa siku hizi wanamsogeza mbele kidogo. Alizaliwa karibu na mji wa Vaishali. Akiwa na miaka 30 aliaga jamaa zake, akang'oa nywele zake kwa mikono, akaondoka. Miaka 12 alitembea, akifunga, akinyamaza. Maandiko ya kale ya Wajaini yanasimulia kwamba kuna nchi alikopigwa na kuachiliwa mbwa, naye hakuinua fimbo. Mwishowe, wanasema, alipata ujuzi usio na pazia, akafundisha miaka 30, akafariki Pavapuri akiwa na miaka 72. Usiku wa kufariki kwake ndio Wajaini wanaoukumbuka kwa Diwali. Taa tunazoziona kwa jirani ni zile zile, lakini kila nyumba ina sababu yake ya kuziwasha.

Sasa angalieni jambo moja. Wajaini hawasemi Mahavira alianzisha dini. Wanamhesabu wa 24 katika msururu wa walimu wanaoitwa tirthankara. Aliyemtangulia ni Parshva. Na neno tirthankara lina maana ya mwenye kuweka kivuko. Nyinyi mnaovuka Likoni kila asubuhi hamhitaji kufafanuliwa. Mto uko pale, ng'ambo iko pale, na anayeweka kivuko amekuonyesha pa kupitia. Kuvuka ni kazi yako mwenyewe. Tirthankara hajibu dua, wala hasamehi dhambi, na Wajaini hawana muumba wa ulimwengu. Kwao ulimwengu haukuwa na siku ya kwanza. Najua hilo ni zito kwa masikio ya wengi wetu humu, na mimi sikuja kumshawishi mtu. Nimekuja kueleza wanachosema wao.

Wanasema kila chenye uhai kina roho. Si mtu na mnyama peke yao, bali na mdudu pia. Hata mmea, udongo, maji, moto na upepo vina roho, zenye hisi moja tu, ile ya kugusa. Kila roho kwa asili yake ni angavu. Kinachoizuia ni karma, na karma kwa Mjaini ni kitu hasa, kama vumbi laini sana. Mtu anapodhuru, anapokasirika, anapotamani, roho yake huwa kama nguo iliyolowa mafuta, na vumbi likanasa. Kazi ya maisha ni mbili: kuzuia vumbi jipya lisiingie, na kulipangusa la zamani kwa kujinyima na kujitawala. Ndiyo maana nadhiri ya kwanza ni kutodhuru, ahimsa. Nyingine ni kusema kweli, kutoiba, kujihifadhi katika mambo ya mwili, na kutojifunga na mali. Watawa wanazishika kwa ukali wote. Wengine hufagia njia mbele yao kwa ufagio laini wasije wakakanyaga mdudu. Watu wa majumbani wanazishika kwa kiasi chao.

Na hapo ndipo mafumbo ya Bhai yanafunguka. Alikula kabla ya giza kwa sababu usiku wadudu huvutwa na taa, huangukia chakulani, nawe huwaoni. Alichuja maji kwa sababu ndani yake mna viumbe vidogo. Na kiazi? Ukichuma embe mti unabaki. Uking'oa kiazi au kitunguu umeua mmea mzima, na Wajaini wanaamini kwamba mzizi wa namna hiyo ni makao ya roho zisizo na idadi. Mama yangu alimhurumia Bhai kwa kukosa kitunguu, kumbe Bhai alikuwa akikihurumia kitunguu.

Wa pili ni Siddhartha Gautama wa ukoo wa Sakya. Alizaliwa Lumbini, ndani ya Nepal ya leo, ambako mfalme Ashoka alikuja kusimamisha nguzo ya mawe yenye maandishi kwamba Buddha alizaliwa hapo. Vitabu vingi vinampa miaka 563 hadi 483 KK, ingawa wengi siku hizi wanaiweka tarehe ya kufa kwake karibu zaidi na 400 KK. Alikuwa na mke na mtoto mchanga alipoondoka akiwa na miaka 29. Kwa miaka sita alijaribu njia ambayo Mahavira angeitambua mara moja: kufunga hadi mbavu zikahesabika. Akaona mwili unakwisha na swali liko pale pale. Akakubali bakuli la wali wa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata, akaketi chini ya mti pale Bodh Gaya, mti wa jamii moja na mikuyu yetu, na akiwa na miaka 35 akawa Buddha, yaani Aliyeamka. Hotuba yake ya kwanza aliitoa Sarnath, karibu na Varanasi, kwa watu watano waliokuwa wamemwacha kwa hasira siku alipokula.

Aliwaambia kwamba maisha yana dhiki ndani yake. Si maumivu peke yake, hata raha ina dhiki kwa sababu haikai. Dhiki hiyo ina chanzo, nacho ni kiu. Neno lake ni hilo hasa, kiu: ya starehe, ya kuendelea kuwapo, hata kiu ya kutokuwapo. Baharia aliyeishiwa maji akinywa ya bahari anajua kiu hii ilivyo, kila funda linaongeza haja ya jingine. Kisha akasema kiu inaweza kukoma, na kukoma kwake ndiko nirvana, na ipo njia ya kufikia huko: kuona sawasawa, kukusudia sawasawa, kusema, kutenda na kupata riziki sawasawa, kujitahidi, kuwa macho na kutuliza moyo sawasawa. Hilo la riziki hakuliacha hewani. Alitaja biashara tano ambazo mfuasi wake asizifanye: ya silaha, ya viumbe hai, ya nyama, ya vileo na ya sumu.

Njia hiyo aliiita ya katikati. Palikuwa na mtawa, Sona, aliyejitesa kwa kutembea huku na huko akitafakari hadi nyayo zikatoka damu. Zamani Sona alikuwa mpigaji wa ala ya nyuzi. Buddha akamuuliza: nyuzi zikikazwa mno, ala inatoa sauti? Haitoi. Zikilegea mno? Haitoi. Kila aliyewahi kumtazama mpiga udi wa taarabu akikaza nyuzi kabla ya arusi ameshapata somo hili.

Niongeze moja, maana linanifurahisha. Mnakumbuka hadithi ya kima na papa? Kima aliyekuwa akimtupia papa matunda ya mkuyu, papa akampakia mgongoni aende akatolewe moyo, naye kima akasema, “Lo, mioyo yetu sisi huiacha mtini, nirudishe nikautwae”? Bibi zetu wametusimulia hiyo. Basi Wabuddha wanayo, katika mkusanyo wao wa hadithi za Jataka, zinazoeleza maisha ya Buddha kabla hajazaliwa Siddhartha. Kule papa ni mamba, na mioyo inaning'inia kwenye mti wa jamii hiyo hiyo ya mkuyu. Na yule kima, wanasema, alikuwa Buddha mwenyewe. Pepo za kaskazi zimeleta mengi kuliko vyungu na vitambaa.

Ndugu zangu, walimu hawa wawili walifundisha katika nchi zile zile, wakipita katika miji ile ile. Maandiko ya Wabuddha yanamtaja Mahavira mara nyingi, kwa jina la Nigantha Nataputta. Walikubaliana kukataa kafara, wakakubaliana kwamba utukufu hauji kwa kuzaliwa. Lakini walitofautiana, na kwa mambo mazito. Mahavira alisema roho ipo na ni ya milele. Buddha alisema ukitafuta ndani yako kitu kimoja kisichobadilika hutakipata. Kinachovuka kutoka maisha haya hadi yale ni kama moto wa taa moja unaowasha nyingine. Na tofauti ambayo mimi imenikalia moyoni miaka hii yote ni hii: kinachomfunga mtu ni nia yake au ni tendo lake?

Kisa wanachosimulia Wabuddha ni cha Upali, tajiri wa Nalanda, mfuasi mkubwa wa Mahavira. Alikwenda kumkabili Buddha akitetea kwamba tendo la mwili ndilo zito kuliko lote. Buddha akamuuliza: mtawa wenu akitembea, anaua wadudu wengi wadogo bila kukusudia, mwalimu wenu anasemaje? Upali akajibu, kisichokusudiwa si kosa kubwa. Na kikikusudiwa? Hapo ni kosa kubwa. Na kukusudia kuko wapi, mwilini au moyoni? Upali akaona ameshajijibu. Akaomba kuwa mfuasi wa Buddha.

Sasa sikilizeni majibu aliyopewa. Kwanza aliambiwa achunguze vizuri, mtu mwenye jina kama yeye asikimbilie kubadilika. Upali akashangaa, kwa sababu walimu wengine wangelimpata mtu kama yeye wangelizungusha bendera mji mzima. Kisha Buddha akamwambia: kwa muda mrefu nyumba yako imekuwa kisima kwa watawa wa Mahavira; wakija kuomba chakula, endelea kuwapa. Nimesoma historia za dini nyingi, na sikumbuki mahali pengine ambapo mwalimu, siku ile ile ya kumshinda mpinzani wake, anahakikisha wanafunzi wa mpinzani hawatalala njaa.

Wajaini nao wana upande wao, na haki ni kuusikia. Katika moja ya maandiko yao ya kale kabisa, mwana wa mfalme aitwaye Ardraka anabishana na Mbuddha. Mbuddha anadai kwamba aliyechoma bonge la mashudu kwa mkuki akidhani ni mtu ana hatia ya kuua, na aliyemchoma mtu akidhani ni bonge la mashudu hana. Ardraka anamjibu kwa ukali: mtu atamdhaniaje mwanadamu kuwa bonge la mashudu? Hukuangalia. Na kutoangalia ndiko kuua kwenyewe.

Mimi nimelelewa juu ya hadithi ya Mtume isemayo kwamba amali huhesabiwa kwa nia, kwa hiyo moyo wangu unaelekea upande wa Buddha. Lakini nimeshakwenda kuzika mtoto aliyegongwa na gari, na dereva analia kwamba hakukusudia, na ni kweli hakukusudia. Pale makaburini Ardraka alinijia akilini. Wanachuoni wa Kijaini wa baadaye waliandika kwamba kudhuru ni kutoa uhai kwa kughafilika, na naona neno hilo linaziba sehemu kubwa ya ufa uliokuwa kati yao, maana na Buddha kuwa macho kwake ni sehemu ya njia, na wosia wake wa mwisho kwa watawa ulikuwa wasighafilike.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Katika karne ya 3 KK mfalme Ashoka aliiteka nchi ya Kalinga, na maandishi yake mwenyewe kwenye mwamba yanasema watu 100,000 waliuawa na 150,000 walihamishwa. Akajuta hadharani, akaushika mwendo wa Buddha. Kwenye mwamba huo huo wa amri zake aliandika kwamba anayeisifu dini yake kwa kuzitukana za wengine anaijeruhi dini yake mwenyewe. Wamisionari wa Kibuddha walifika Sri Lanka, baadaye China, Japani na Tibet, ilhali katika India yenyewe Ubuddha ulififia hadi ukakaribia kutoweka. Ujaini ulifanya kinyume: ulibaki nyumbani. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu Wajaini kama milioni 4.5. Sababu moja ya kutosambaa ni kwamba watawa wao kwa desturi hawapandi chombo chochote. Wanatembea kwa miguu, na miguu haivuki bahari. Ng'ambo dini ilibebwa na watu wa kawaida kama wazee wa Bhai, bila watawa. Wabuddha nao wana hekalu lao Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka, mwanzoni mwa karne ya 20.

Nimebakiwa na lile jambo la nne la Bhai.

Kila mwaka, katika siku za Agosti au Septemba, Wajaini wana siku zao za kufunga na kujihesabu, Paryushan. Siku ya mwisho wanaombana msamaha kwa maneno ya lugha ile ya kale, micchami dukkadam: ubaya wangu na ubatilike. Siku hiyo Bhai alifunga duka mapema, akavaa nguo nyeupe, akapita nyumba kwa nyumba, na hakuchagua nyumba za Wajaini peke yake. Alisimama mlangoni petu, mikono ameikutanisha kifuani, akamwambia baba yangu kwa Kiswahili chake cha dukani: “Kama mwaka huu nimekuumiza kwa neno, kwa mizani au kwa moyo, najua au sijui, nisamehe.”

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Baba, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akimwomba mtu yeyote radhi, alinyamaza kidogo. Kisha akamjibu, “Nami unisamehe, Bhai. Kuna siku nilisema mizani yako imepinda, nawe hukuwapo.”